Kompyuta Inapojizima Ghafla, Shuku Umeme Kwanza

Kompyuta ya mezani inayozimika ghafla, bila skrini ya bluu wala ujumbe, hupelekwa kwa fundi na kuwekewa Windows upya. Wiki ikipita inazimika tena. Inasikitisha, maana pesa imelipwa na ugonjwa haujaguswa.

Mimi huanza na Event Viewer, kwenye tukio namba 41 la Kernel-Power. Lenyewe halitaji mkosaji. Linasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Ndani yake mna BugcheckCode. Ikiwa ni sifuri, Windows haikuwahi kurekodi kosa lolote, na hapo shaka inaelekea kwenye umeme au joto. Tukio la WHEA-Logger likionekana karibu nalo, basi vifaa vyenyewe vimetoa taarifa ya hitilafu.

Kisha chomoa waya wa umeme, fungua kasha, utazame kapasita kwenye mazabodi. Kichwa chake hutakiwa kuwa bapa. Kikivimba au kuvuja, imekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilienea duniani kiasi kwamba mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kushughulikia kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika. Pawa saplai, hata hivyo, usiifungue: kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa. Jaribu pawa saplai nyingine iliyo nzima.

Kwa upande wa joto, vumbi kwenye feni lisafishwe, na grisi ya prosesa iliyokauka ibadilishwe.

RAM nayo hudanganya sana, kwa kuwa makosa yake hujitokeza leo kwenye kivinjari, kesho kwenye faili lililoharibika. Utafiti wa seva za Google uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya RAM vikipata makosa kila mwaka. Acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Ikitoa hata kosa moja, pima kijiti kimoja kimoja.

Wenye prosesa za Intel Core za mezani za kizazi cha 13 na 14 wasasishe BIOS mapema. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi. Iliyokwisha kuharibika haiponi kwa sasisho, lakini dhamana iliongezwa miaka miwili, hivyo mwenye nayo adai nyingine.