Kurudi Mezani

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, tulimsifu binti wa kwaya mbele ya wenzake kwa jinsi alivyofunga. Alishinda bila kitu hadi usiku, na Pasaka ilipofika hakuacha. Tukasema, huyu ana bidii. Mwezi wa Juni alianguka kwenye ngazi za kanisa, ndipo mama yake alipotueleza kwamba kwa miezi minane mtoto alikuwa akijinyima chakula, na kile kidogo alichokula alikitapika kwa siri. Tulikuwa tumeusifu ugonjwa. Kwa hiyo tumeona vema somo hili liwe juu ya ndugu waliopita katika maradhi hayo, ambao sasa wanajifunza kula tena.

Wengi wetu twadhani jambo hili ni kiburi, au ukaidi, au pepo. Na tutazame kwanza habari moja ya kweli.

Mnamo Novemba 1944, vita kuu ya pili ikiwa haijaisha, vijana wanaume 36 walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Dhamiri ziliwakataza kushika silaha, na wengi walitoka katika makanisa yanayokataa vita. Mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofika kwa njaa, nao vijana wakajitolea washindishwe njaa ili wengine wapate kuponywa. Walipimwa kwanza, mwili na akili, wakaonekana wazima. Kwa majuma 12 walikula kawaida, kama kalori 3,200 kwa siku. Kisha, tangu Februari hadi mwisho wa Julai 1945, walipewa nusu ya hiyo: viazi, tanipu, mkate na makaroni, milo miwili tu, na kila juma watembee kama kilometa 35. Walipungua robo ya uzito wao.

Mwili kukonda si ajabu. Ajabu ilikuwa katika nia zao. Watu hawa wapole wakawa wakali na wenye huzuni, wakajitenga na rafiki zao. Mazungumzo yao yote yakawa chakula. Wengine walisoma vitabu vya mapishi usiku kama tusomavyo barua ya nyumbani, nao hawakuwa wapishi. Walikichezea chakula sahanini, wakakivuta muda mrefu, kisha wakailamba sahani. Walisikia baridi katika jua la Julai. Wengine walishindwa kujizuia, wakala kwa siri, kisha wakajichukia. Ndugu msomaji, mambo haya ndiyo tuyaonayo kwa binti zetu na vijana wetu wenye maradhi haya, nasi huyaita tabia mbaya. Kumbe mengi ni njaa yenyewe inayosema. Mgonjwa wetu ana jambo la zaidi, yaani ile hofu ya kunenepa, ambayo wale vijana hawakuanza nayo. Lakini hofu hiyo hukua zaidi katika akili iliyokosa chakula. Ni vigumu kumshauri mtu mwenye njaa mpaka ameanza kula.

Sasa twafika mahali ambapo wengi hukosea. Twadhani mtu akianza kula amepona. Wale wa Minnesota walipoanza kulishwa tena, hawakufurahi mara moja. Kuna waliozidi kuwa na hasira. Walipoachiwa wale watakavyo, wengine walikula zaidi ya kalori 5,000 kwa siku na bado wakasema wana njaa. Mafuta yalirudi kabla ya misuli, tumbo likatangulia, na wengine wakalalamika kwamba wamekuwa wanene. Miaka mingi baadaye, wakiwa wazee, waliulizwa ilichukua muda gani kupona kabisa. Walijibu: tangu miezi miwili hadi miaka miwili. Basi mama anayeona mtoto wake ana mwezi mmoja mezani na bado analia mbele ya sahani asikate tamaa, wala asidhani ameshindwa.

Namna ya kula yenyewe ni ya kawaida kabisa, hata yachosha kuieleza. Chakula kije kwa saa zake, mara tatu, na kitu kidogo katikati, hata kama mgonjwa hasikii njaa, kwa maana tumbo lililonyimwa muda mrefu husaga polepole na kushiba upesi. Asiruke chai ya asubuhi kwa sababu jana alikula sana; kuruka huko ndiko kunakorudisha kula kwa pupa usiku, na kujitapisha. Lakini aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asijazwe chakula kwa ghafula nyumbani. Chumvi za damu zaweza kuvurugika na moyo kusimama. Huyo aanzie kwa daktari.

Wala asile peke yake. Huko London, katika hospitali ya Maudsley, waganga waliwapa wazazi kazi ya kusimamia milo ya watoto wao badala ya kuwalaumu, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba njia hiyo iliwafaa zaidi vijana ambao ugonjwa wao haujadumu sana. Kukaa naye, kula naye, kuzungumza habari za shamba au za shule, na baada ya mlo kukaa naye tena ili asiende kutapika.

Tena kuna salamu zetu. Sisi hupenda kusema, “Umenenepa, siku hizi mambo mazuri!” Twasema kwa upendo, naye anayejifunza kula huisikia kama hukumu, na siku hiyo halali. Na “Mbona umekonda hivyo?” ina kisu chake, hasa tangu miaka ile ya 1980 ukimwi ulipoanza na kila aliyekonda akanong'onezwa. Twaweza kuuliza habari za nyumbani tukauacha mwili wa mtu.

Kuhusu kufunga, tunasema wazi. Aliyepata maradhi haya asifunge chakula, hata akiomba ruhusa kwa machozi. Kitabu cha Sala cha 1662 kimeorodhesha siku za kufunga, lakini hakikumwamuru mgonjwa ashinde njaa. Mchungaji ampe jambo lingine la kuacha. Yule binti wetu wa kwaya, Kwaresima iliyofuata, aliambiwa aache kujipima kwenye mizani ya dukani. Alisema ilikuwa ngumu kuliko njaa.

Mtakapokutana katika vikundi, zungumzeni: je, katika mtaa wetu ni nani tunayemsifu kwa kutokula? Na mgeni akikataa sahani ya pili, twamfanyaje?