Kijana na Simu Yake

Somo letu la leo ni jambo lililomo katika nyumba nyingi hapa Soni. Jioni mama anapakua makande. Baba anauliza habari za shamba. Kijana ameinamia simu. Anajibu "Ee," basi.

Tusiwacheke wazazi hawa. Waliozaliwa miaka ya 1970 walikua bila televisheni. Huku bara televisheni ilianza miaka ya 1990. Jioni zao zilikuwa za redio, moto na hadithi. Nani angewafundisha kulea mtoto mwenye simu?

Baba mmoja aliificha simu ya mwanawe ndani ya gunia la maharage. Simu ikanyamaza, na kijana naye akanyamaza. Usiku akawa anakwenda kibanda umiza, anarudi saa sita. Sasa hata alipo hajulikani!

Baada ya wiki tatu baba aliitoa simu, akasema, "Mwanangu, mimi kusoma nimejifunza ukubwani. Hebu nifundishe na hii." Kijana alishangaa. Walikaa kwenye benchi, akamwonyesha baba namna ya kumwandikia dalali wa Kariakoo na kuuliza bei ya kabichi. Kesho yake baba aliuliza, "Na wewe usiku unaangalia nini?" Akaonyeshwa mpira, vichekesho, halafu kubeti. Hilo la kubeti lilimchoma, lakini hakufoka. Alileta daftari lake la kisomo. "Umeshinda kiasi gani? Umeliwa kiasi gani?" Wakafanya hesabu ya kutoa. Kijana aliandika jibu, akalifuta, akaanza upya. Jibu likawa lile lile.

Tangu hapo wanaongea. Juzi baba alimsimulia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyeua simba akafanywa mfalme kule Vuga. Vuga siyo mbali na hapa, lakini kijana hakuwa ameisikia habari hiyo kwa babake. Aliirekodi kwenye simu ile ile. Wakati wa kula simu zote huwekwa juu ya kabati, ya baba pia. (Wazazi, na sisi tumezidi!)

ZOEZI: Leo jioni mwombe mwanao akuonyeshe kitu kimoja anachokipenda katika simu. Usimkatize. Kisha andika sentensi tatu juu ya ulichokiona, uje nazo darasani.