MATAIFA YOTE KWENYE MEZA MOJA
Somo kwa wakatekumeni

Mkatekumeni aombaye Ubatizo Mtakatifu anaomba kuingia katika jamaa iliyo kubwa kupita ukoo wake, kabila lake na nchi yake. Siku ile maji yatakapomwagwa juu ya kichwa chake atapata Baba mmoja mbinguni, na pamoja na Baba huyo atapata ndugu ambao hakuwachagua: Mshi na Mrega, Mhavu na Mbembe, Mnyarwanda na Mrundi, Mhispania na Mhindi. Hakuna awezaye kumpokea Baba na kuwafukuza watoto wake. Kwa sababu hiyo yafaa mkatekumeni ajifunze mapema, kabla ya kufika kisimani pa Ubatizo, namna ya kuishi na watu wa mataifa mengine.

1. Mgeni yumo tayari katika sala

Wako watu wasemao: "Mambo ya mataifa mengine hayatuhusu. Sisi tunayo yetu." Watu hao hawajasikia vema maneno ya vinywa vyao wenyewe. Asubuhi mkatekumeni afanyapo ishara ya msalaba, neno hilo msalaba limetoka katika Kiarabu, na neno roho vilevile. Alitajapo jina la Kristu, asema Kigiriki. Amsalimupo Padre, asema Kireno. Aendapo Misa, jina la Misa ni la Kilatini. Divai iwekwayo altareni ina jina lililotokana na Kifaransa. Na amalizapo sala kwa kusema Amina, asema neno la Waebrania, taifa la manabii. Katikati ya maneno hayo yote lasimama jina la Mungu, nalo ni neno la wazee wa Afrika. Basi, katika siku moja ya sala, mataifa saba yamekutana katika kinywa cha mtu mmoja wa kijijini.

Hata lugha yenyewe ya Kiswahili ilikuwa mgeni katika nchi ya Kivu. Ilizaliwa pwani ya Bahari ya Hindi, ikaingia bara katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanya biashara wa Zanzibar, waliopita Ujiji na Kasongo wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Njia iliyoileta ilikuwa njia ya machozi na minyororo. Lakini watu waliipokea lugha, wakaitumia kwa mema. Leo katika soko la Bukavu Mshi na Mrega hupatana bei kwa Kiswahili, na kanisani watu wa makabila mengi huimba wimbo mmoja. Mkatekumeni na alishike neno hili: kitu chema hakiwi kibaya kwa kuwa kilipita katika mikono mibaya.

Lakini haimpasi mtu kuidharau lugha ya mama yake. Wazee wa Bushi walimwita Mungu kwa jina la Nyamuzinda tangu zamani, kabla ya mmisionari yeyote kufika. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wanawe waseme lugha ya watu, wale chakula chao na kuvaa kama wao. Padre aliyetoka Ulaya, mwenye elimu nyingi, ilimpasa kukaa chini kama mtoto na kufundishwa maneno na watu wa kijiji. Si wamisionari wote walioitimiza sheria hiyo sawasawa. Wako waliodharau desturi za watu pasipo kuzijua. Hata hivyo sheria yenyewe ilikuwa njema, na inawafaa wote: atakaye kumfundisha mtu, kwanza na afundishwe naye.

2. Mgeni yumo tayari chunguni

Mama wa Bukavu apikapo bugali wa muhogo au wa mahindi, pamoja na sombe na maharagwe, hudhani kwamba hicho ni chakula cha babu zake tangu mwanzo. Sivyo. Muhogo, mahindi na maharagwe hayo asili yake ni Amerika. Yalilimwa kwanza na watu wa nchi zile, kisha mabaharia wakayavusha bahari tangu karne ya 16, na wakulima wa Afrika wakayafanya kuwa yao.

Na sambaza je? Samaki hao wadogo, wavuliwao usiku kwa mwanga wa taa, hawakuwamo katika Ziwa Kivu zamani. Ni samaki wa Ziwa Tanganyika. Waliletwa na kutiwa katika Ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa kuwa ziwa hilo halikuwa na samaki wengi. Wakazaana. Leo wavuvi wa Kongo na wavuvi wa Rwanda hutega nyavu zao katika maji yale yale, na sambaza hawaulizi mpaka wa nchi. Jamaa nyingi maskini pande zote mbili hupata kitoweo kutokana na samaki huyo mgeni.

Tangu kale Mungu amewagawia wanadamu vipawa vyake kwa namna hii: taifa hili hupewa kitu ambacho taifa lile halina, ili watu wahitajiane na kupendana. Anayejifungia peke yake hukaa na njaa.

3. Petro nyumbani mwa Kornelio

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 10, chatueleza habari za mtu mmoja jina lake Kornelio, aliyekaa Kaisaria. Alikuwa akida wa jeshi la Roma. Yafaa kukumbuka maana ya jambo hilo: Waroma ndio walioitawala nchi ya Wayahudi kwa nguvu ya silaha, na askari wa Roma ndio waliomsulibisha Bwana wetu. Basi Kornelio, ijapokuwa alimcha Mungu na kuwapa maskini sadaka, machoni pa Wayahudi wengi alikuwa mtu wa jeshi la wageni.

Mtume Petro alikuwa Yafa. Mungu alimwonyesha katika njozi nguo kubwa ikishuka kutoka mbinguni, ndani yake wanyama wa kila namna, hata wale ambao sheria ya Wayahudi iliwakataza kula. Petro akakataa. Akaonywa mara tatu asikiite najisi kitu ambacho Mungu amekitakasa. Alipokuwa angali akiwaza maana yake, wajumbe wa Kornelio wakabisha hodi.

Na tuangalie matendo ya Petro. Kwanza, aliwakaribisha wajumbe wale wakalala kwake. Pili, aliondoka akaenda nao, akaingia katika nyumba ya mgeni. Tatu, hakuanza kwa kuhubiri, bali aliuliza kwa nini ameitwa, akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo alipoitangaza habari ya Yesu, na Roho Mtakatifu akawashukia watu wa nyumba ile, wakabatizwa. Aliporudi Yerusalemu ndugu zake Wakristu walimlaumu. Hawakumlaumu kwa kuhubiri, bali kwa kuingia na kula pamoja na wasiotahiriwa. Hata leo ndivyo ilivyo: wengi hukubali mgeni asali pamoja nao, lakini hawakubali ale pamoja nao.

4. Mashahidi wa Bukavu

Mtu asiseme kwamba mambo hayo yalikuwa ya zamani tu. Mji wa Bukavu unao mashahidi wake.

Christophe Munzihirwa alizaliwa Burhale, katika nchi ya Bushi, mwaka 1926. Alipewa Upadre mwaka 1958, akaingia shirika la Wayesuiti mwaka 1963, akawa Askofu wa Kasongo, na mwaka 1994 akafanywa Askofu Mkuu wa Bukavu. Mwaka huo huo, kati ya Aprili na Julai, Watutsi wa Rwanda waliuawa katika mauaji ya kimbari, pamoja na Wahutu waliokataa kuua. Kisha umati mkubwa wa Wanyarwanda wakavuka mto Ruzizi wakaingia Bukavu na vijiji vya kandokando. Katika umati huo walikuwamo wauaji walioikimbia hukumu. Walikuwamo pia mama, wazee na watoto wasio na hatia. Askofu Mkuu aliwaomba Wakristu wawapokee wenye shida, akauomba ulimwengu usiwahesabu wote kuwa waovu. Wala hakuogopa kuwakemea askari waliowanyang'anya raia, hata walipokuwa askari wa nchi yake mwenyewe. Tarehe 29 Oktoba 1996, vita ilipoingia mjini, aliuawa na askari. Angeweza kukimbia mapema. Alibaki na kondoo wake.

Siku mbili baadaye, tarehe 31 Oktoba 1996, Mabruda wanne wa shirika la Wamaristi waliuawa Bugobe, si mbali na Bukavu. Wote wanne walikuwa wenyeji wa Hispania. Walikuwa wakiwahudumia wakimbizi wa Rwanda katika kambi ya Nyamirangwe, na walipopata nafasi ya kuondoka walichagua kukaa. Hebu tafakari: Wahispania wakafa katika nchi ya Kongo kwa ajili ya Wanyarwanda. Ni undugu gani huo, kama si ule wa Ubatizo?

Baada ya Askofu Mkuu Munzihirwa alikuja Emmanuel Kataliko, aliyekuwa Askofu wa Butembo-Beni tangu mwaka 1966. Hakuwa Mshi, bali Mnande. Mwezi wa Februari 2000 wenye silaha waliotawala mji walimzuia asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo, na Wakristu wa Bukavu wakadai arudishwe kwao. Alirudi Septemba, akafariki Oktoba mwaka huo huo alipokuwa Roma. Aliyekuja kama mgeni aliliwa machozi kama mzaliwa.

5. Kuelewana si kuficha dhambi

Hapa mama mmoja aweza kusimama na kusema: "Katekista, mwanangu aliuawa vitani. Je, niketi benchi moja na mtu wa taifa lile?" Neno lake si dogo. Vita vilipita Bukavu mwaka 1996 na 1998. Mji ulitekwa mwaka 2004, na tena mwezi wa Februari 2025. Nyumba nyingi zinao wafu wao. Asijibiwe mama huyo kwa maneno mepesi, wala asiambiwe asahau.

Kanisa lamjibu hivi. Kwanza, aliyemwua mwanao ana hatia yake mwenyewe, na ni haki kudai hukumu. Askofu Munzihirwa naye alisema wazi juu ya maovu. Pili, dhambi ina jina la mtu aliyeitenda, haina jina la taifa. Yule jirani yako, aliyezaliwa ng'ambo ya Ruzizi au ambaye babu yake alizaliwa huko, hakushika silaha ile. Ukimchukia kwa ajili ya damu yake, utafanya kama walivyofanya wale waliokutia msiba. Tatu, kusamehe ni neema. Haipatikani kwa nguvu za mtu wala kwa siku moja. Aiombe kila siku, na Kanisa liiombe pamoja naye. Kama leo hawezi kula na jirani, na aanze kwa kuitikia salamu yake.

6. Mazoezi ya juma hili

Mkatekumeni achague moja, alitimize kabla ya Dominika:
a) Ajifunze kushukuru kwa lugha ya jirani. Mnyarwanda husema murakoze, Mshi husema koko.
b) Amwulize mtu wa kabila au taifa lingine habari za desturi moja ya kwao, asikilize bila kucheka na bila kumkatiza.
c) Amkaribishe mgeni ale naye chakula, hata kiwe kidogo.
d) Ajizuie kabisa kusema "watu wa taifa fulani wote ni waovu", na amwonye kwa upole mtoto wake asemaye hivyo.

Maswali na majibu

Swali: Ubatizo watupatia ndugu gani?
Jibu: Watupatia ndugu wa mataifa yote, kwa kuwa Baba ni mmoja.

Swali: Petro alifanya nini kabla ya kuhubiri kwa Kornelio?
Jibu: Aliwakaribisha wajumbe wake, akaingia nyumbani mwake, akamsikiliza.

Swali: Je, kumpokea mgeni ni kunyamaza juu ya uovu?
Jibu: Hapana. Uovu husemwa wazi, na mwenye hatia huhukumiwa kwa haki. Lakini taifa zima halihesabiwi kuwa na hatia.

Swali: Asiyeweza kusamehe leo afanye nini?
Jibu: Aombe neema kila siku, na aitikie salamu ya jirani.

Sala

Ee Mungu, Baba wa mataifa yote, wewe uliyetugawia lugha nyingi na meza moja, utufundishe kusikiliza kabla ya kunena, na kupokea kabla ya kuhukumu. Uwapumzishe waliokufa vitani, pande zote za Ruzizi. Uponye mioyo ya waliobaki, utujalie amani. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.