Asili na Maana ya Jina Walter katika Mwambao wa Usenge

Huko Usenge, kando ya Ziwa Viktoria, si ajabu kumsikia Walter Otieno au Walter Okoth akiitwa. Jina Walter lina asili ya Kijerumani cha Kale: waltan ni kutawala, na heri ni jeshi. (Msomaji asidanganywe na mfanano, heri ya Kiswahili imetoka katika Kiarabu.) Wanormani walilieneza Uingereza baada ya 1066, na wamisionari wa Kianglikana wakalifikisha Nyanza, ambako Walter Edwin Owen alikuwa arkidikoni tangu 1918.

Mtawala wa jeshi, basi. Hata hivyo, kwa mvuvi wa Usenge hilo ni jina la ubatizo tu, halimwelezi mtoto. Otieno humweleza: alizaliwa usiku. Okoth, wakati wa mvua. Tena lipo jina la juogi, ambalo marehemu wa ukoo hulidai ndotoni. Ndiyo maana Oginga Odinga, mzaliwa wa Bondo jirani, ambaye mwenyewe alibatizwa Adonijah, alikataa wanawe wapewe majina ya kigeni, akazozana na kanisa. Mwanawe aliyezaliwa 1945 akaitwa Raila Amolo.