Dondoo muhimu: Gari na vumbi la njia ya Kisenge

Kati ya Mei na Septemba, mvua ikikatika Lualaba, adui mkubwa wa injini kwenye barabara ya Kolwezi, Kisenge hadi Dilolo ni vumbi. Anza na filta ya hewa. Itoe, igongegonge taratibu kwenye tairi mpaka vumbi lidondoke. Ukipata pampu ya upepo, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo. Wengi hupuliza kinyume na kulishindilia vumbi kwenye karatasi. Kisha mulika tochi ndani yake: tundu likipitisha mwanga, hata kama ni dogo kama la sindano, nunua mpya. Filta ya karatasi haioshwi, hata fundi akisisitiza.

Mafuta ya bidoni yanayouzwa kandokando ya njia huweza kuwa na maji. Mimina kidogo kwenye chupa safi ya kioo, subiri. Maji hukaa chini. Magari mengi ya dizeli yana kichujio chenye koki ya kutolea maji. Ifungue kabla ya safari ndefu.

Oili ipime gari likiwa sehemu tambarare. Ikiwa nyeusi, usihangaike sana, dizeli huichafua mapema. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia: usiwashe injini, ita fundi.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi, yakiwa baridi. Fuata kibandiko cha mlangoni kwa dereva, siyo namba ya ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo tu. Na rejeta ikichemka, mfuniko usiguswe mpaka ipoe.