Bastola Nyepesi Yataka Mpini Mnene

Siku ya soko pale Daraja Mbili, mjini Kisii, kwenye safu ya wauza mipini ya majembe, hakuna anayelipa kabla ya kushika. Mzee mmoja ninayenunua kwake hakuulizi una shamba la ukubwa gani. Hukwambia tu, "Shika kama unalima, mogaka," yaani mzee, kisha huinama akatazama ncha za vidole vyako. Zikichoma kiganja, mpini huo ni mwembamba kwako. Zisipokaribia kiganja hata kidogo, ni mnene kupita kiasi na mkono utakufa ganzi kabla ya saa nne. Uchunguzi wake unaishia hapo, na sijawahi kurudi kumlalamikia.

Namkumbuka mzee huyu kila mfanyabiashara mwenye cheti halali cha silaha anaponiuliza afanyeje na bastola yake ndogo inayomuumiza mkono. Wengi hulaumu risasi, wengine hulaumu kiwanda. Mara nyingi tatizo ni mpini.

Tazama uzito kwanza. Mwaka 1950 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva ya Chiefs Special, ya risasi 5, chuma kitupu, uzito wa gramu 550 hivi. Wadogo zake wenye fremu ya alumini wana kama gramu 425. Wale wa aloi ya skandiamu hushuka hadi karibu gramu 340. Ruger LCR, iliyoingia sokoni mwaka 2009 ikiwa na sehemu ya fremu ya plastiki ngumu, iko kwenye gramu 380. Ukiilinganisha na Webley Mark VI ya maafisa wa kikoloni, iliyokaribia kilo 1.1, hizi za leo ni kama kubeba simu. Raha yake unaionja ukitembea kutwa nzima. Machungu yake unayaonja siku ya shabaha, kwa sababu kwa risasi ileile na baruti ileile, bastola yenye nusu ya uzito hupiga teke lenye nguvu maradufu. Kilichopungua kwenye chuma hulipwa na kiganja.

Sasa viwanda, vikijua mnunuzi anataka kuficha, huifunga bastola hiyo nyepesi kwa vibao viwili vyembamba vya mti au plastiki. Mfukoni vinakaa vizuri. Mkononi, kidole cha mwisho kinaelea hewani, na kiganja hakina cha kujaza uwazi wake. Risasi ya kwanza inatoka, bastola inageuka mkononi kama samaki aliyetoka majini, na kabla ya risasi ya pili inabidi uishike upya. Ndiyo maana nasema, na kuna wanaonibishia, kwamba kadiri bastola inavyopungua uzito ndivyo mpini unavyotakiwa kuongezeka. Chukua mpini mkubwa kuliko yote unayoweza kuificha, usichukue mdogo kuliko yote unayoweza kuvumilia.

Ukubwa una sehemu tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni urefu: je, kidole cha mwisho kina pa kukaa? Kikikosa, kikunje chini ya mpini, lakini ujue umebaki na vidole viwili vya kuishikilia huku cha shahada kikifanya kazi yake. Ya pili ni pengo lililo nyuma ya kikingio cha kifyatulio. Kwenye rivolva ndogo za zamani pengo hili liko wazi, na kila risasi ikitoka kikingio kinakigonga kifundo cha kidole cha kati. Ukiona mtu ana kovu dogo hapo, amekwisha kusimulia habari yote. Mpini mzuri hulijaza pengo hilo, na kuna kipande kidogo cha chuma kinachouzwa kwa kazi hiyo peke yake, kinachovaliwa pamoja na vibao vya zamani. Ya tatu ni mgongo wa fremu. Mpini wa mpira unaoufunika mgongo huo hulinda nyama iliyo kati ya gumba na shahada, jambo la rehema kwa bastola za skandiamu. Ila unakirudisha kiganja nyuma, na kifyatulio kinakuwa mbali zaidi.

Hapo kwenye kifyatulio ndipo wenye mikono midogo wanapopotezwa na wauzaji. Rivolva ya aina hii, nyundo ikiwa chini, mara nyingi hudai kuvutwa kwa nguvu ya kilo 5 na zaidi. Kidole kikifika kwa ncha tu, huwezi kuvuta bila kuusukuma mtutu pembeni. Ipime hivi, bastola ikiwa tupu: shika juu kabisa mgongoni, mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono, kisha weka kidole juu ya kifyatulio. Nyama ya ncha ya kidole, au kunjo la kwanza, ndiyo ikae hapo. Ikibidi uzungushe mkono ili ufikie, mpini huo ni wa mtu mwingine. Mama mwenye duka la jumla aliye na vidole vifupi anaweza kuhitaji mpini ulioacha mgongo wazi, hata kama mumewe anasifu ule mnene. Mipini yenye mabonde ya vidole nayo huchongwa kwa mkono wa mtu asiyekuwepo. Mabonde yakikuangukia sawa, bahati yako. Yasipokuangukia, tafuta mpini laini usio na mabonde.

Mti au mpira? Mpira hukamata jasho na kupunguza maumivu, lakini hukamata pia kitambaa: shati au bitana ya koti hung'ang'ania na kuifichua silaha. Mti hauna msamaha wa teke, ila nguo huteleza juu yake. Kwa anayebeba ndani ya koti napendelea mti uliokwaruzwa kidogo. Kwa anayebeba kiunoni ndani ya ala inayofunika kifyatulio chote, mpira hauna ubaya. Kisha kuna njia ya mafundi wetu ya kufunga mpini wa panga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Inafanya kazi hata kwenye bastola, na haigharimu kitu, mradi kipande kikae chini ya kifyatulio bila kukigusa.

Niseme pia juu ya mapambo, maana Kisii ni kwetu na mawe ya Tabaka ni fahari yetu. Nimesikia mtu akitamani mpini wa jiwe hilo. Jiwe la Tabaka linachongeka kwa kisu kwa kuwa ni laini, na linateleza kama sabuni. Liache libaki vinyago na sahani. Pembe za ndovu ni kesi nyingine kabisa. Rivolva za urithi kutoka enzi za walowezi wakati mwingine zina vibao vya pembe, na mtu huviona kama lulu. Kenya iliteketeza tani 12 za pembe mwaka 1989, ikateketeza tani 105 mwezi wa Aprili 2016, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haichezi na anayepatikana nazo bila kibali. Ukirithi kitu cha namna hiyo, kawaone Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kabla hawajakuona.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Kisii iko mwinuko wa karibu mita 1,700 na mvua hainyimi mtu. Mti hufura, na chini ya mpini wa mpira jasho na unyevu hujificha penye chuma. Springi kuu ya rivolva nyingi ndogo iko ndani ya mpini humohumo. Fungua skrubu mara moja kwa mwezi, kwa bisibisi inayoenea kwenye mfuo wake, na usichokonoe vibao kwa kisu. Pangusa, tia mafuta kiasi cha kulainisha tu, rudisha.

Baada ya kufunga mpini mpya, bastola ikiwa tupu, fungua silinda. Inafungukia kushoto, na kibao cha kushoto kikiwa kinene juu hukwamisha maganda yanapotolewa. Jaribu kwa maganda matupu. Yakigusa mti, mpini huo haufai au upunguzwe hapo.

Kuna pia suala la kubeba silaha pale Daraja Mbili penyewe. Siku ya soko mabega hugusana na mikono isiyoonekana hutafuta mifuko. Mpini mrefu unaochomoza chini ya koti hauonyeshi tu kwamba una silaha. Unampa mwingine pa kushika. Akiuwahi yeye, wewe umeshika makali. Kwa hiyo huo "mkubwa kuliko yote unayoweza kuificha" upimwe ukiwa umevaa nguo zako za kila siku, ukiinama kama anayechagua ndizi, ukinyoosha mkono kama anayeshika chuma cha matatu. Chini ya mpini pakiwa pameviringwa, nguo haichori kona.

Na tafadhali, usiipeleke bastola sokoni kwa seremala ili akupimie mti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inampa cheti mtu mmoja kwa silaha iliyotajwa. Haimpi jirani, shemeji wala fundi. Mwishoni mwa mwaka 2018 wenye leseni wote walipewa siku 90 wakahakikiwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Kazi ya mpini ifanyike kwa muuzaji au fundi wa silaha mwenye leseni, hata kama ni safari ya Nairobi. Kama huna cheti, makala haya hayakuhusu bado: anza na Bodi.

Kila niliposema bastola tupu, nilimaanisha hivi: risasi zote zimetolewa, zimehesabiwa, na ziko chumba kingine, na mtutu unaelekea mahali ambapo hata ukikosea hakuna mtu. Nyumbani silaha hukaa kwenye kasha la chuma lenye kufuli, na watoto hawajui ufunguo ulipo.

Mwisho nenda uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Piga risasi 10 tu, za kawaida, kisha weka bastola chini na ufunue kiganja. Wekundu kwenye kifundo cha kidole cha kati: jaza lile pengo. Wekundu kati ya gumba na shahada: tafuta mpini unaofunika mgongo. Kiganja kikiwa safi lakini ulilazimika kuishika upya kila baada ya risasi, mpini ni mfupi au mwembamba. Risasi zikielekea upande mmoja wa shabaha, rudi ukapime tena kidole juu ya kifyatulio.