Kukaza Nati za Alteneta kwa Kiasi

Wasomaji wetu, wengi hudhani ya kuwa nati ikikazwa kwa nguvu zote ndiyo imekazwa vema. Sivyo.

Dereva mmoja nimjuaye alikuwa akifunga waya mkubwa wa alteneta, yaani kile chombo kitiacho umeme katika betri ya motakaa, kilichoshika mahali pa dainamo ya zamani. Alichomeka bomba katika mpini wa spana ili azidishe nguvu. Bolti ikapata ufa asiuone. Usiku ule alipokuwa akimpeleka hospitali mama mwenye uchungu, bolti ikakatika. Betri ikaishiwa, taa zikafifia, gari likazima. Mama akachukuliwa kwa machela. Akajifungua salama, lakini hatari ilikuwa kubwa.

Basi na tujue sababu. Bolti ikikazwa hunyooka kidogo sana, nayo hutaka kurudi kama mpira uliovutwa. Kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vitu pamoja. Ikilegea, umeme hupita kwa shida, mahali pale hupata moto, na plastiki yaweza kuyeyuka hata kuwaka. Ikizidishwa, hunyooka isirudi tena, au hukatika.

Nguvu ya kukaza hutokana na mambo mawili: uzito wa mkono na urefu wa mpini. Kilo 10 kwenye mpini wa sentimeta 20 ni sawa na kilo 5 kwenye mpini wa sentimeta 40. Ndiyo maana bomba lile lilidanganya mkono wa dereva. Fundi mwenye busara hutumia spana yenye kipimo, akafuata hesabu iliyoandikwa katika kitabu cha gari lile lile. Bolti ndogo ya waya haikazwi sawa na bolti nene zishikazo alteneta katika injini.

Taratibu ni hii:

1. Zima injini, kisha fungua kwanza waya wa betri wenye alama ya kutoa. Ukiuacha, spana yako ikigusa waya wa alteneta na chuma cha gari pamoja, cheche kali hutoka.

2. Safisha meno ya bolti. Usiyapake mafuta ila kitabu kikiagiza, maana nati huteleza ikakazika kupita kiasi.

3. Anza kuzungusha nati kwa vidole. Ikikataa, irudishe, usiilazimishe kwa spana.

4. Mkanda usikazwe mno, usije ukaharibu beringi. Wala usilegee, usije ukateleza. Kisha kaza bolti zote za alteneta, ya juu na ya chini.

5. Waya wa betri wenye alama ya kutoa urudishe mwisho. Washa injini upime: betri ya volti 12 hupata kama volti 14 alteneta ikifanya kazi vema.

Kamba hukatika pabovu; na nguvu za mtu zikipita kiasi, ndizo zinazopafanya pabovu.